Betri za lithiamu za sola kutoka China mpaka Mombasa, sheria zasemaje jamani?

mama_sola_likoni:
Salam aleikum wanajamvi, na wengine wote hamjambo. Nina duka dogo la vitu vya sola huku Likoni, nauza paneli, taa, inveta na betri, na tangu watu waonje hizi betri za lithiamu mteja wa betri ya asidi simuoni tena, kila mtu ataka ile nyepesi isiyotiwa maji. Mali nachukua kwa jumla Nairobi lakini faida yaishia kwa mtu wa kati, kwahivyo safari hii nataka niagize mwenyewe. Nimepata saplaya Shenzhen, betri ni LiFePO4, aina moja ya lithiamu, za volti 12.8 ampea-saa 100, nataka ishirini za kuanzia.

Sasa kwenye kusafirisha ndio nimekwama. Kuna ajenti mmoja achukua mizigo kwa kilo kwa ndege, aniambia hakuna shida zitafika haraka, ila kwenye karatasi tuandike spea za taa na zile stika za betri zibanduliwe kwenye katoni. Mwengine wa kuchanganya mizigo ya watu kwenye kontena kusikia tu lithiamu akasema yeye hapakii. Saplaya nae asema atatuma kwa meli lakini niongeze pesa ya DG, yaani ya mizigo hatari, na bei aliyoitaja yanitoa jasho. Watatu hawa kila mmoja na lake, na mtaji wangu ni huu huu mmoja.

Wenye kujua nisaidieni, sheria yenyewe hasa ni ipi? Betri hizi si zimejaa madukani Mombasa nzima, zaingiaje? Na ndugu yangu yuko Dubai yuaja mwezi ujao, aweza kunibebea mbili kwenye begi nikaanza nazo? La mwisho, kuna taa ya sola ya barabarani mteja amenirudishia, betri yake imefura mpaka kifuniko kimeachana, na aliyeniuzia taa hizo ambae pia yuko China asema nimrudishie betri ndio anibadilishie. Naituma vipi? Nimeiweka hapa dukani chini ya kaunta.

fundi_bombolulu:
Dada kabla ya yote hiyo iliyofura itoe hapo chini ya kaunta sasa hivi. Usiitie chaji, usiitoboe kutoa hewa, usiikandamize irudi. Iweke nje pahali pakavu penye kivuli, mbali na mbao, makaratasi na mtungi wa gesi, debe la mchanga mkavu lafaa. Hayo mengine yaweza kungoja.

changamwe_spea:
Sista usijitie presha na mambo ya sheria. Watu waleta kwa ndege kila wiki, andika spea na mali yako utaipata, hawa wa DG wataka kula pesa za watu tu. Mimi naleta betri za simu na sijaulizwa kitu. Ukifuata kila karatasi biashara itakushinda, sisi wadogo mitaji hiyo hatuna.

wakala_kilindini:
Mama sola, kazi yangu ni kukomboa mizigo hapa bandarini, hebu nikueleze pole pole maana swali lako lina mambo kadhaa yamefungwa pamoja.

Kwanza ujue betri yako ni kubwa kiasi gani, na hapa ukubwa si kilo, ni wati-saa, ile Wh iliyoandikwa ubavuni. Kama haikuandikwa zidisha volti kwa ampea-saa, yako ni 12.8 mara 100, yapata 1280 Wh. Shika namba hiyo. Mpaka wa betri ndogo kwenye sheria za kimataifa ni 100 Wh kwa betri nzima na 20 Wh kwa seli moja, kile kipande kimoja cha ndani ya betri. Chini ya hapo kuna nafuu, ikizidi hapo basi ni mzigo hatari kamili wa daraja la 9, iende kwa ndege iende kwa meli. Yako imezidi mara kumi na zaidi kwahivyo usipoteze wakati kutafuta mlango wa nyuma. Na mtu asikwambie LiFePO4 haimo. Ni kweli kemia yake ni tulivu kuliko ya laptopu na simu, lakini kwenye vitabu vya usafirishaji zote ni lithiamu-ayoni na namba ni ile ile.

Namba zenyewe, hizi za Umoja wa Mataifa (UN) za kutambulisha mzigo hatari, ni mbili kwa mali kama yako. UN3480 ni betri peke yake. UN3481 ni betri iliyo ndani ya kifaa, au iliyotiwa katoni moja na kifaa chake. Betri zako ishirini zaja peke yake kwahivyo ni UN3480, na hii ndio iliyobanwa zaidi kuliko zote.

Kwa ndege, UN3480 imepigwa marufuku kubebwa kama kago kwenye ndege za abiria tangu tarehe 1 Aprili 2016. Yaenda na ndege ya mizigo peke yake, na hapo chaji isizidi asilimia 30, katoni iwe ile iliyopimwa kwa viwango vya Umoja wa Mataifa na isipite kilo 35, ibandikwe lebo ya daraja la 9 ya betri na ile ya ndege za mizigo tu, na fomu isainiwe na mtu aliyesomea mambo hayo. Sasa mfikirie huyo ajenti wako wa kilo. Mizigo mingi ya kilo yapanda tumboni mwa ndege za abiria. Akibandua stika, betri zako zakaa chini ya miguu ya watu na watoto wao na rubani hana habari kama ziko.

Meli ndio njia yako, na kwa meli yaruhusiwa kabisa mradi mzigo utangazwe. Saplaya akupe ripoti fupi ya UN38.3 ya majaribio ya usalama wa betri, MSDS ile karatasi ya usalama wa bidhaa, na fomu ya kutangaza mizigo hatari. Katoni ziwe na alama ya UN na lebo ya 9, vichwa vya betri vifunikwe visigusane na chuma chochote vikapiga shoti. Kampuni ya meli yaletewa karatasi hizo kwanza, ikikubali ndio kontena lapakiwa, na bandari zajulishwa kabla meli haijafika. Pesa ya DG yaenda huko, si pesa ya bure, ingawa kweli wako wanaoipandisha kwa kuwa mteja haelewi. Mwambie akuchambulie kwa maandishi, katoni kiasi gani, fomu kiasi gani, kampuni ya meli yatoza kiasi gani, halafu uliza na wengine wawili. Yule aliyekataa kupakia usimlaumu, kontena la mchanganyiko likiingia katoni zako basi kontena zima lazima litangazwe na libandikwe alama, na wenye nguo na vyombo humo ndani hawataki kuchelewa kwa ajili yako. Tafuta konsolideta, mchanganya mizigo, ambae DG ndio kazi yake, Guangzhou na Shenzhen utawapata, kontena lao huwa limepangwa hivo toka mwanzo.

Kwa upande wetu, IDF, fomu ya kutangaza uagizaji, itoke kabla mzigo haujapakiwa, na cheti cha KEBS, shirika la viwango la Kenya, kipatikane huko huko China kwa ule mpango wao wa kukagua mali kabla haijatoka. Namba ya forodha ya lithiamu-ayoni ni 8507.60. Ikija imeandikwa spea za taa na kontena likafunguliwa, umeandika bidhaa siyo, cheti ulichonacho hakiihusu, na likitokea la kutokea bima ina sababu tayari ya kukukatalia.

mama_sola_likoni:
Fundi nimeshaitoa, iko uani kwenye ndoo ya mchanga. Wakala Mungu akuweke, leo ndio nimeelewa ile Wh ni ya nini, betri zote dukani nilikuwa naisoma tu.

baharia_wa_tudor:
Nimefanya kazi melini maisha yangu mengi na nataka nizungumze na huyu kijana wa spea, kwa upendo kabisa, maana nadhani hajawahi kuona moto wa betri ukiwa umezungukwa na maji pande zote na hakuna pa kukimbilia.

Seli ya lithiamu ikiharibika ndani, kwa kubondwa au shoti au joto, yaanza kujipasha moto yenyewe. Ikifika mahali hairudi nyuma tena. Yatapika moshi na gesi zinazowaka, na ndani yake kuna gesi za sumu za kuunguza mapafu, halafu joto lile laipasha seli ya jirani nayo yaanza. Melini moto wa kawaida kwenye tumbo la meli twaufungia hewa na kumwaga CO2, unakosa hewa unakufa. Betri haizimiki hivo, CO2 haipoozi seli, ile kazi ya ndani yaendelea, na ukifungua mapema waona miali yarudi upya. Kinachosaidia ni maji mengi sana ya kupoza kwa muda mrefu. Sasa mimi nitajuaje nitumie kipi? Najua kwa ile karatasi. Naangalia manifesti, kontena lililoko sehemu fulani lina nini, ndio navaa na kubeba vifaa. Karatasi ikisema spea za taa mimi naenda na akili ya spea za taa, na naenda na vijana wengine nyuma yangu.

Agosti 2021 huko Marekani kontena moja lilishika moto barabarani likipelekwa bandari ya Virginia kupakiwa melini. Ndani mlikuwa na betri za lithiamu zilizotupwa. Kwenye B/L, ile hati ya mzigo wa meli, paliandikwa sehemu za kompyuta. Joto lilitoboa bati la kontena, tundu kabisa kwenye chuma. Walinzi wa pwani wa Marekani walitoa onyo kwa wote kuhusu jambo hilo. Lau lingewahi kupanda melini, hilo tundu lingekuwa katikati ya bahari na kontena zingine juu yake.

Na ndege pia. Tarehe 3 Septemba 2010 ndege ya mizigo ya UPS, Boeing 747, ilipaa kutoka Dubai kwenda Ujerumani, moto ukaanza kwenye kago, moshi ukajaa chumba cha marubani hata vyombo hawavioni, wakajaribu kurudi Dubai ikaanguka, marubani wote wawili wakafa. Ndani mlikuwa na shehena kubwa ya betri za lithiamu na wachunguzi walikuta mizigo mingine ilipaswa kutangazwa kuwa mzigo hatari na haikutangazwa. Sheria nyingi za ndege ambazo leo mwaziona ni usumbufu zimekazwa baada ya moto wa namna hii. Kijana wangu, mtaji mdogo naujua, wazazi wangu walikuwa na meza Marikiti. Lakini mle ndani mna mtoto wa mtu.

changamwe_spea:
Mzee nimekusikia na nashukuru, hiyo ya Virginia sikuwahi kuisikia. Sasa wakala nisaidie na mimi basi. Betri zangu ni za simu, hizi za 5000 mAh, nazo zahesabiwa DG kama za mama? Maana yake ni vitu vya gramu hamsini hivi.

wakala_kilindini:
Fanya hesabu ile ile. 5000 mAh ni ampea-saa 5, betri ya simu nyingi siku hizi ni volti 3.85 au hapo karibu, yapata 19.25 Wh. Ni seli moja, na mpaka wa seli ni 20, kwahivyo umepita kwa wembamba. Angalia ubavuni lakini, zile za simu kubwa kubwa zimeshavuka.

Kwa meli ukiwa chini ya mpaka huo una nafuu ya kweli. Huhitaji fomu ya mizigo hatari wala katoni ya UN, ila katoni iwe ngumu ya kuhimili kuangushwa kutoka mita 1.2, kila betri ifungwe peke yake isigusane na mwenziwe, katoni isizidi kilo 30 na ibandikwe ile alama ya betri za lithiamu yenye mistari myekundu pembeni na namba ya UN. Na ripoti ya UN38.3 bado wahitaji, hiyo haina mdogo wala mkubwa.

Kwa ndege nafuu hiyo haiko tena kwa betri peke yake. Zamani ilikuwepo lakini iliondolewa mwaka 2022. Betri za simu peke yake kwa ndege ni ndege ya mizigo tu, asilimia 30, fomu, lebo ya 9. Na posta usijaribu, kwa barua za kimataifa betri peke yake hairuhusiwi, yaruhusiwa iliyo ndani ya kifaa tu na idadi yake ndogo, seli nne au betri mbili kwa kifurushi, na hata hivo posta ya nchi inayotuma iwe imepewa idhini.

kago_portreitz:
Naongeza ya ndege maana ndio kazi yangu, kupokea kago. Mama sola swali la ndugu yako wa Dubai halikujibiwa. Jibu ni hapana kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ukubwa, abiria anaruhusiwa betri mpaka 100 Wh bila kuomba, kati ya 100 na 160 aombe shirika la ndege kwanza na za akiba zisizidi mbili, ikipita 160 hata usiifunge begini. Yako ni 1280. Ya pili ni kuwa ruhusa ya abiria ni ya vitu vyake mwenyewe vya kutumia. Betri ya kuja kuuzwa dukani ni kago hata ikiwa ni moja na hata ikiwa ni ndogo.

Ila kama ataka kuja na betri ya drili yake mwenyewe ya kazi, zile za volti 18 ampea-saa 5 ni 90 Wh, hiyo sawa. Abebe mkononi, asiiweke kwenye begi la kupitisha chini. Betri yoyote ya akiba na pawabanki yoyote ni za mkononi tu, kwa sababu ikianza kufuka ndani ya kabini wahudumu wataiona na wataimwagia maji, kule chini hakuna mtu. Vichwa vyake avifunike na tepu au atie kila moja kwenye mfuko wake wa plastiki. Pawabanki nayo hesabu yake ni ya volti 3.7 ya seli ndani, si ile volti 5 ya kuchajia, 20000 mAh yawa 74 Wh ndio maana zapita, 30000 yawa 111 hapo aombe. Na mashirika ya ndege mengine yana masharti yao makali zaidi, asome kwenye tikiti.

Kitu kimoja kipya kwa nyinyi wenye kuagiza. Tangu Januari 2026 ile asilimia 30 imeingia pia kwa betri inayosafirishwa kwa ndege kwenye katoni moja na kifaa chake, kwa mfano drili na betri yake ya kando, zile zinazopita 2.7 Wh. Zamani ilikuwa ni kwa betri peke yake. Nimeshaona mizigo imekataliwa kwa hilo na mwenyewe ashangaa, saplaya alikuwa amezijaza chaji akidhani amfanyia wema mteja.

mama_sola_likoni:
Kwani hiyo asilimia 30 yasaidia nini hasa, si betri ni ile ile? Na hiyo UN38.3 kila mtu aitaja, ni karatasi ya kununua ama kuna kazi imefanywa kweli?

fundi_bombolulu:
Asilimia 30 ni kwa sababu moto wa betri hulishwa na ile nguvu iliyohifadhiwa ndani. Ikiwa imejaa, seli moja ikiharibika ina joto la kutosha kuwasha za pembeni zote. Ikiwa na chaji kidogo mara nyingi yaishia pale pale au yaenda pole pole. Na haitolewi mpaka sufuri kwa sababu lithiamu ikikauka kabisa yaharibika, na njiani ikikaa siku nyingi yajipunguza yenyewe kidogo. Zako za meli hazilazimiki hiyo 30 lakini mimi ningemwambia saplaya asizijaze, hakuna faida betri iliyojaa kukaa mwezi ndani ya kontena lenye joto.

UN38.3 ni kazi kweli kweli, ni majaribio nane. Wanaitia betri kwenye chumba cha hewa nyembamba kama iko juu angani kwenye ndege isiyo na presha, inakaa humo saa sita. Wanaipeleka kwenye joto la nyuzi 72 halafu baridi ya kasoro 40, mara nyingi, kwenda na kurudi. Wanaitingisha kama iko kwenye lori, wanaipiga mshtuko, wanaipigisha shoti makusudi ikiwa na joto la 57, seli wanazibonda kwa chuma, betri wanaijaza chaji kupita kiasi, na seli wanazilazimisha kukauka kinyume. Haitakiwi kuwaka wala kupasuka. Betri isiyopita hapo hairuhusiwi kusafirishwa na njia yoyote, na tangu Januari 2020 mtengenezaji analazimika kutoa ule muhtasari kwa mwenye kuuhitaji. Kwahivyo si hisani kwako, ni wajibu wake. Zile betri watu wanafunga wenyewe kwa seli za laptopu kuukuu hazina hiyo karatasi na hazitaipata, hizo zitumike hapa hapa.

Turudi kwa ile yako ya kwenye mchanga. Kuituma China sahau. Betri iliyofura, iliyovuja au iliyopata moto imepigwa marufuku kwa ndege yoyote, ya abiria na ya mizigo. Kwa meli kuna njia kwenye sheria lakini yataka kifungashio maalum na mara nyengine kibali, na gharama yake ni kubwa kuliko taa yenyewe mara nyingi. Tena ikiwa yaenda kama taka, kuivusha mpaka kwaangukia Mkataba wa Basel, ule wa kimataifa wa taka hatari, nchi inayopokea lazima ikubali kwanza kwa maandishi. Mtu anayekwambia uirudishe ndio akubadilishie ama hajui au ataka uchoke unyamaze. Betri ipige picha pande zote, seri namba ionekane, chukua video ya kifuniko kilivyoachana, mwambie sheria hairuhusu betri mbovu kusafirishwa kwa ndege na umpe masharti yako, aidha akupunguzie kwenye oda ijayo au akutumie taa nzima mpya. Wengi wakiona wajua wanakubali. Yenyewe ukipata nafasi ipeleke kwa kampuni yenye leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, ya taka za kielektroniki, usiitupe jaa la mtaani, lile gari la taka likikandamiza ndio moto waanza humo.

baharia_wa_tudor:
Na usipande nayo feri ukiipeleka mjini siku ya msongamano. Nenda saa watu wamepungua, kwenye ndoo yake ya mchanga, na useme ni nini umebeba.

mama_sola_likoni:
Insha'Allah nitafanya hivo mzee. Sasa nimemuandikia saplaya wa Shenzhen jana usiku, nimemwambia meli, DG, kila kitu kiandikwe kama kilivyo. Amekubali na bei ameishusha baada ya kumwambia anichambulie. Karatasi ya UN38.3 nayo ametuma, lakini nikiiangalia naona imeandikwa modeli ya volti 12.8 ampea-saa 50. Nimemuuliza asema ni sawa ni familia moja, seli ni zile zile ameongeza tu ndani. Wakala hii yapita?

wakala_kilindini:
Haipiti, na umefanya vizuri kusoma. 12.8 mara 50 ni 640 Wh, yako ni 1280. Kwenye hayo majaribio betri ya kuchajiwa ikibadilika Wh kwa zaidi ya asilimia 20 yahesabiwa ni aina nyengine na lazima ipimwe yenyewe. Hapa imekuwa mara mbili, hiyo si familia moja kwa sheria hata seli zikiwa zimetoka mashine moja.

Mwambie akitaka kukuuzia betri ya 100 basi alete karatasi ya 100. Ikija angalia jina la mtengenezaji ni lile lile la kwenye stika ya betri, modeli herufi kwa herufi, Wh, uzito, jina la maabara, namba ya ripoti na tarehe, orodha ya majaribio na kila moja kama ilipita, na mwisho jina na cheo cha aliyesaini. Halafu mwambie akupigie picha ya stika ya betri yenyewe ikiwa kiwandani, sio ile ya katalogi, ulinganishe. Usitume arbuni kabla. Akisema hana ya 100, muulize kama ile ya 50 aweza kukupa arubaini badala ya ishirini, maana hiyo karatasi anayo, na kwa wateja wa nyumba ndogo mbili zikifungwa sambamba zafanya kazi ile ile, fundi hapo atakwambia kama inveta zako zakubali.

fundi_bombolulu:
Zakubali, mradi zote mbili ziwe za modeli moja, zijazwe chaji sawa kabla ya kuunganishwa, na waya za zote mbili ziwe urefu mmoja. Ila muulize saplaya kwanza kama bodi ya ulinzi iliyo ndani ya betri yaruhusu kufungwa sambamba, sio zote, na jibu lake liwe kwa maandishi.